Manivela Moja, Madirisha Mawili

Usiku ule wa mwaka tisini na tisa hakuna aliyemwambia Halima alale. Wanawake wa Alunguli walimketisha juu ya gunia la mihogo mikavu ufukoni, wakamfunika kikwembe kikavu, wakamwekea mtoto kifuani, nao wakakaa kumzunguka wakingoja. Mtoni, taa tatu za wavuvi wa Kigenya, watu wa mto, zilikuwa zikienda na kurudi juu ya mitumbwi. Taa ikisimama mahali pamoja, wanawake wote walinyamaza. Ikianza kutembea tena, mmoja wao alishusha pumzi na kusema, "Bado."

Mume wake, Bulaimu, alikuwa chini ya maji tangu alasiri, ndani ya gari lao la jipu lililoteleza kutoka kivukoni. Yeye Halima na binti yao Safia, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, walikuwa wametoka. Watu wengi waliona kichwa cha mtoto kikitokea juu ya maji, kisha cha mama. Waliona na kitu kingine. Mkono wa kulia wa Halima ulikuwa umekaza ngumi, na mvuvi aliyemvuta kwenye mtumbwi alipoifungua ngumi ile, alikuta manivela, kile chuma kidogo cha kuzungusha ili kioo cha gari kishuke.

Jipu lilikuwa na manivela moja tu. Ilikuwa wakati wa vita, treni haiji, vipuri havipatikani, na madereva wa mji wa Kindu waliishi hivyo: manivela moja kwa madirisha mawili, inakaa mbele ya dereva, na anayetaka hewa anaiomba. Kwa hiyo kila aliyeona chuma kile mkononi mwa Halima alijua maana yake. Aliyekuwa nayo alitoka. Asiyekuwa nayo alibaki.

"Mama Safia," jirani yake Scholastique alimuuliza taratibu, "yeye alikuambia nini?"

Halima alitazama taa. Meno yalikuwa yakigongana kwa baridi. Wanawake wote walikuwa wamemgeukia, na nyuso zao zilikuwa zikingoja kitu, naye akawapa.

"Alinipa manivela," akasema. "Alisema, fungua kwako, toka na mutoto."

Wanawake wakaanza kulia. Scholastique akamshika kichwa akakilaza begani kwake. "Yule alikuwa muntu," akasema. "Mungu amuone." Kabla jua halijatoka, maneno yale yalikuwa yamekwisha kuvuka mto yakafika Kasuku, alikozaliwa Bulaimu, na huko watu wakayasimulia kwa sauti ya chini, kama yanavyosimuliwa maneno ya mtu mwema.

Siku ya tatu jipu lilionekana, chini ya mji, mahali maji yanapopunguza mwendo. Wanaume arobaini walilivuta kwa kamba. Bulaimu alikuwa bado kwenye kiti chake. Walimtoa, wakamfunika, wakampeleka kuoshwa, na wanawake wakawafuata. Mama yake, Bi Salama, hakufuata. Alizunguka jipu lile polepole, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuipanga. Upande wa dereva kioo kilikuwa kimeshuka kidogo, na yeye akaweka mkono kwenye mwanya ule akapima: vidole vinne. Akazunguka upande wa pili. Huko kioo kilikuwa kimeshuka chote.

Jioni, baada ya maziko, Halima alivushwa akakae eda ukweni kama desturi ilivyotaka. Alimkuta Bi Salama amesimama kwenye kizingiti cha chumba chake.

"Mama Safia, sema tena. Alikupa manivela?"

"Ndiyo, mama. Alinipa."

"Mbele hajagusa kioo chake?"

"Mbele."

"Kioo chake kimeshuka vidole vinne. Nani alikishusha?"

Halima alivuta nguo yake kichwani.

"Bulaimu aliogopa maji tangu mutoto," Bi Salama alisema. "Wenzake wanaoga mutoni, yeye anaoga na ndoo, amesimama kwenye majani. Mimi njo nilimuzaa. Muntu kama ule anaanza kufungua dirisha lake, halafu anaacha katikati, anakupa wewe?" Alishika ukingo wa mlango. "Sikukatazi kuwa muzima. Ulikuwa na mutoto. Lakini usinidanganye juu ya mutoto wangu. Siku utakuwa na maneno mengine, kuja upige hodi."

Akafunga mlango. Halima alisikia kitasa kikizunguka mara mbili. Eda aliikaa Alunguli kwa mama yake mzazi, na watu walisema huzuni imemharibu akili Bi Salama.

Maisha ya Halima baada ya hapo yangeweza kusimuliwa kwa maneno machache. Aliuza mafuta ya mawese na mboga za lengalenga. Hakuolewa tena, ingawa wawili walikuja. Vita viliisha, treni ikarudi, ingawa kwa nadra, na yeye akabaki mtu wa kulala macho. Nyumba yake haikufungwa dirisha hata wakati wa mvua, na maji yaliingia yakaharibu magodoro mawili. Safia alipotimiza miaka mitano, Halima alimpeleka kwa mwanamke wa Kigenya amfundishe kuogelea, naye akasimama ukingoni kila siku mpaka mtoto akaweza kuvuka kijito kwa pumzi moja. Mvua ikinyesha, Safia hakuruhusiwa kuvuka mto hata kwenda mtihani. Mwaka mmoja alikosa mtihani hivyo, akarudia darasa, akalia wiki nzima.

Kila kivuko kilipokuwa kikipakia magari, Halima aliacha biashara yake akaenda kugonga vioo.

"Mama Kioo anakuja," madereva waliambiana. "Shukeni mbele hajaanza kuhubiri."

"Shukeni," aliwaambia abiria. "Kivuko si gari. Gari ivuke yenyewe, nyinyi simameni pembeni."

"Mama, gari yangu haina kioo hata kimoja," Destin, dereva wa lori la mchele, alimwambia siku moja. "Nikizama nitatoka kama samaki kwenye wavu umeoza."

"Na mulango umeufunga na nini?"

Destin akautazama mpira wa tairi aliofungia mlango wake ili usifunguke njiani. Alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Akaufungua mpira, akashuka.

Kwa Bi Salama alipiga hodi mara nne katika miaka hiyo yote. Alikwenda eda ilipoisha. Alikwenda Safia alipougua surua, akadhani mtoto anakufa. Alikwenda vita vilipoisha, na tena Safia alipopata diploma. Kila mara sauti ya ndani iliuliza, "Umekuja na maneno gani?" na kila mara yeye alisema, "Mama, ni yale yale." Kitasa hakikuguswa. Angesema nini kingine? Maneno yale yalikuwa yamekua kama mtoto. Scholastique alikuwa amempa mjukuu wake jina la Bulaimu kwa ajili yake. Safia, tangu ajue kusema, alimwambia kila rafiki: baba yangu alinipa dirisha.

Mwaka huu Safia ametimiza miaka ishirini na saba, na mwalimu mmoja anayeitwa Ali akaleta posa. Ali ni kijana mtulivu, na Safia alikuwa akimtaja jina hata alipokuwa akiongea habari za chumvi. Nikahi ikapangwa Jumapili. Lakini nikahi inataka walii, mwanaume wa upande wa baba asimame amwoze binti. Baba alikuwa amekufa, babu amekufa, kaka hakuna. Aliyebaki ni Musafiri, mdogo wake Bulaimu, anayekaa uwanja mmoja na Bi Salama.

Musafiri alikuja mwenyewe Alunguli kusema. Alikaa kwenye kiti akizungusha kofia yake.

"Shemeji, mimi sina tatizo. Safia njo mutoto wangu. Lakini mama amesema, nikisimama yeye hajasema ndiyo, nitoke kwa nyumba yake na nguo zangu."

"Na sheikh?"

"Sheikh anaweza kumuoza kama mutoto hana wenyewe. Lakini baba ya Ali ameniuliza jana, mbele ya watu: mutoto wa Bulaimu, yule Bulaimu aliyetoa roho kwa ajili yake, ana baba mudogo muzima hapa Kasuku, anaozwa kama mutoto wa njiani? Ameuliza iko nini nyuma ya hii. Anangoja jibu mpaka Jumapili." Akaivaa kofia. "Yule mzee akiondoka, Ali hana nguvu ya kubaki. Unawajua wao."

Halima aliwajua. Alimtazama Safia, aliyekuwa akipepeta mchele kwa nguvu kuliko mchele ulivyohitaji. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, akamwambia, "Vaa. Tunavuka kwa koko yako, mama ya baba yako."

Walipanda mtumbwi, wote wawili katikati, mwenye kasia nyuma. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unakwenda bila sauti. Walipofika katikati Halima alifumba macho, na siku ile ikaja kama inavyokuja kila mara.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Kwa desturi abiria hushuka, gari hupanda kivuko na dereva peke yake, lakini Safia alikuwa na kikohozi, na Bulaimu alisema, "Bakia ndani, mutoto asilowe." Wakapandisha vioo vyote viwili. Kivukoni walikuwapo askari wenye haraka, wakitaka magari yatoke mbio mbele yao, na kivuko kilipokaribia ufuko wa Alunguli, mmoja wao alipiga teke kile kipande cha mti kilichozuia gurudumu. Pua ya kivuko ikapanda mchanga, mkia ukashuka, jipu likarudi nyuma. Bulaimu alikanyaga breki kwa miguu miwili. Magurudumu yaliteleza juu ya chuma kilicholowa, kamba ya nyuma ikakatika kama uzi.

Jipu halikuzama mara moja. Hilo watu huwa hawaliamini. Lilielea, likazungushwa na maji kama sufuria, na ndani kukawa kimya kiasi kwamba alisikia mvua juu ya paa. Kulikuwa na nafasi ya kutoka. Ndiyo iliyomtesa Halima baadaye, ile nafasi. Bulaimu akasukuma mlango wake kwa bega, na mlango haukusogea, kwa sababu maji ya nje yaliusukuma kumzidi. Akasukuma tena na tena, na nafasi ile ikawa inaisha. Maji yakafika vifundoni, yakafika magotini. Ndipo alipochukua manivela, akaipachika upande wake, akazungusha. Mwanya ukafunguka na maji yakampiga usoni. Akaachia. Alitoa sauti ambayo Halima hakuwahi kuisikia kwa mwanaume, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Manivela ilibaki imening'inia mlangoni. Halima akapita juu ya magoti ya mumewe, akaichomoa.

Alifumbua macho. Mtumbwi ulikuwa umefika Kasuku, na Safia alikuwa akimshika mkono ashuke.

"Mama, ulifumba macho."

"Ni maji," Halima alisema.

Musafiri aliwapokea uwanjani, akawapa viti, akaelekeza kidevu kwenye nyumba. "Mulango njo ule. Miaka makumi mbili na sita haujakusikia vizuri. Jaribu leo." Alikuwa akitania, lakini hakucheka. Akakaa kwenye kizingiti cha jikoni.

Halima alivuka baraza. Alipiga hodi.

"Nani?" Sauti ilikuwa imezeeka, imekuwa nyembamba.

"Ni Halima, mama."

"Umekuja na maneno gani?"

Halima akageuka. Safia alikuwa nyuma yake, hatua mbili. "Mama, niruhusu kwanza," Halima akasema, "Safia aende kwa jirani, halafu nita..."

"Safia iko hapo?"

"Niko, koko."

"Mutoto abakie. Asikie. Kama ni maneno ya kumuficha mutoto, rudi nayo kwenu."

Halima aliweka kiganja kwenye mlango. Ulikuwa wa mbao nzito, umepakwa rangi ya kijani, na rangi ilikuwa imechubuka mahali ambapo watu hugonga. Alijua kwamba akisema, binti yake atakuwa na baba mwingine, na kwamba asiposema, Jumapili itakuja na mzee wa Ali ataondoka.

"Hakunipa," akasema.

Alisogeza kinywa karibu na ubao.

"Alifungua kwake kwanza, mama. Ile vidole vinne, ni yeye. Maji yalimuingia machoni, akaachia. Nikaichukua. Alitafuta kwa mikono, akanishika hapa." Alishika kifundo cha mkono wake ingawa hakuna aliyemwona ila Safia. "Alisema, leta. Alisema mara mbili. Leta hapa. Nikavuta mukono. Nikafungua kwangu. Nilipofungua, maji yaliingia yote, na jipu likainama. Kama nisingefungua kwangu, labda lingeelea kidogo tena. Sijui. Nilimusukuma Safia kwanza, nikatoka nyuma yake."

"Maneno ya fungua kwako, toka na mutoto?"

"Hakuna. Ni mimi niliyatunga. Usiku ule, wanawake walikuwa wananitazama."

Nyuma yake alisikia miguu ikikwaruza kizingiti cha jikoni. Musafiri alikuwa amesimama. Safia hakuwa amesogea hata kidogo.

"Umemaliza?" Bi Salama aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Mzee yule alikuwa amekwisha kuyajua hayo yote tangu siku alipopima mwanya kwa mkono wake. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata yeye hakulijua, ambalo Halima hakuwahi kuliruhusu lije, hata ndani ya mtumbwi.

"Bado," akasema. "Dirisha lilikuwa juu, jipu limelala. Nilikosa pa kukanyaga. Nilikanyaga bega lake, mama. Kwa mguu wa kushoto. Alikuwa muzima. Nilisikia anajaribu kuinuka chini yangu, na mimi nikajisukuma."

Mahali fulani mtaani redio ilikuwa ikiimba. Halima alitazama rangi ya kijani, akaona jasho la kiganja chake limeacha alama, akaona aibu hata kwa alama ile.

Safia ndiye aliyesema kwanza. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umeshatoka. Mikono yangu ilikuwa inakushika kwa nje."

"Kwa hiyo hukuwa na mukono wa kumupa."

"Sijui, mwanangu. Wa kulia ulikuwa na manivela. Kama ningeiacha, labda ningekuwa nao."

Safia akaenda akakaa chini, ukutani, nguo yake ya kuvukia ikagusa vumbi. Hakumtazama mama yake. Musafiri alimwendea, akachutama karibu naye. Halima alitaka kwenda kwake, lakini miguu haikujua iende upande gani, kwa binti au kwa mlango, akabaki pale pale na kiganja juu ya mbao.

Ndani, mtu alikuwa akitembea. Hatua zilikuwa fupi, na kati ya hatua na hatua palikuwa na mapumziko. Zilikuja mpaka karibu kabisa, zikasimama, na Halima akasikia pumzi ya mzee upande wa pili wa ubao, pumzi ya mtu anayelia bila kutaka kusikika. Hilo liliendelea kwa muda. Kisha kitasa kikazunguka mara moja, kikakwama, kikazunguka mara ya pili.

Mlango ukafunguka.

Bi Salama alikuwa amekuwa mdogo. Alishika fremu kwa mkono mmoja, na mwingine ukafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Alimtazama Halima kwa muda mrefu, na Halima hakuinamisha macho. Kisha alitazama nyuma yake, ukutani, alipokaa Safia.

"Musafiri," alisema.

"Naam, mama."

"Jumapili utaenda kusimama. Vaa kanzu yako safi, si ile ya kwenda shambani."

"Naam, mama."

"Na huyu mutoto musimuache chini. Atachafua nguo."

Halafu akageuka. Alirudi ndani kwa hatua zake fupi, akikamata ukuta, bila kumwambia Halima karibu wala nenda. Mlango hakuufunga. Huko gizani kiti kilivutwa, kisha kingine, na Halima akavua ndala zake.